Duka la mtandaoni lianzie kwenye malipo

Muuzaji wa vitenge anayefanya biashara kwa Instagram na WhatsApp hubeba duka zima kichwani. Anajua kitenge cha maua ya bluu kimebaki vipande viwili, anajua mteja wa Mbeya ameomba awekewe kimoja hadi mshahara utoke, anajua yule wa Tegeta ameshatuma pesa lakini hajasema anataka rangi gani. Wateja wakiwa ishirini kwa wiki, kichwa kinatosha. Wakifika mia moja, mambo huanza kupishana. Kitenge kimoja kinauzwa kwa watu wawili, pesa inaingia bila kujulikana ni ya oda ipi, mteja anauliza bei saa tano usiku na kujibiwa kesho yake mchana, akiwa ameshanunua kwingine. Hapo ndipo mtu hutafuta fundi amtengenezee tovuti yenye kikapu cha manunuzi, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa.

Hupoteza kwa sababu mazungumzo na fundi huanza na sura ya tovuti: rangi, nembo, picha kubwa za juu. Kikapu hutajwa mwishoni, na fundi huachiwa achague mwenyewe. Naamini mazungumzo hayo yageuzwe. Mfanyabiashara mdogo aanze kwa kuuliza pesa ya mteja itaingia kwa njia gani, na programu itajuaje kwamba imeingia. Akilijibu hilo kwa kuangalia hali halisi ya Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, nyingi kati ya programu zinazosifiwa zitaondoka mezani zenyewe.

Kazi ya kikapu cha mtandaoni ni kukumbuka. Wavuti yenyewe, tangu ilipobuniwa na Tim Berners-Lee mwishoni mwa miaka ya 1980, haina kumbukumbu: kivinjari kinaomba ukurasa, seva inautoa, kisha inasahau ni nani aliyeomba. Kwa msomaji wa habari hilo halina shida. Kwa mnunuzi ni balaa, maana ukichagua sabuni kisha ukafungua ukurasa wa mafuta, seva haijui kwamba wewe ndiye uliyechagua sabuni. Mwaka 1994 kampuni ya simu ya MCI ya Marekani ilitaka duka la mtandaoni, lakini haikutaka kompyuta zake zitunze manunuzi ambayo hayajakamilika. Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, akabuni njia ya kivinjari cha mteja kutunza kitambulisho kidogo na kukionyesha kila kinaporudi kwenye seva. Ndivyo vidakuzi vilivyozaliwa. Leo watu wanavilaumu kwa matangazo yanayowafuata kila tovuti, ila vilibuniwa kwa ajili ya kikapu.

Agosti 11 mwaka huohuo, kampuni ndogo ya NetMarket, ya mji wa Nashua katika jimbo la New Hampshire, iliuza CD ya mwanamuziki Sting kwa dola 12.48, na namba ya kadi ya mnunuzi ikapita mtandaoni ikiwa imefichwa ili wezi wasiisome. Mnunuzi yule alikuwa na kadi ya benki na anwani ambayo posta inaijua, na karibu vikapu vyote vilivyofuata vilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye. osCommerce ilianza Ujerumani mwaka 2000. Shopify ilizaliwa Ottawa, Kanada, mwaka 2006, baada ya Tobias Lütke na wenzake kuandika programu ya kuuzia mbao za kuteleza kwenye theluji na kugundua kwamba programu ina soko kubwa kuliko mbao. PrestaShop ikatoka Ufaransa mwaka 2007, Magento ikatoka California mwaka 2008. Katikati ya miaka hiyo, Machi 2007, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Vikapu na pesa za simu vimekua wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa dunia. Kazi ya kuvikutanisha imebaki kwa mfanyabiashara wa hapa na fundi wake.

Vinakutanishwa kwa njia mbili. Katika ya kwanza, ukurasa wa malipo unamwonyesha mteja lipa namba, mteja analipa kwa simu yake, kisha anaandika namba ya muamala au anatuma picha ya ujumbe wa malipo. Haihitaji fundi, na kwa oda kumi za siku inatosha kabisa. Ubaya wake ni kwamba programu haijui lolote. Lazima mtu akae, alinganishe ujumbe mmoja mmoja na orodha ya oda, na ajihadhari na jumbe za kughushi. Katika njia ya pili mteja anaandika namba yake ya simu, anabofya, na simu inamletea dirisha la kuweka namba ya siri. Wakenya wanaiita STK, na Safaricom iliwafungulia mlango watengeneza programu kupitia mfumo wake wa Daraja. Tanzania wauzaji wengi hupitia kampuni za kati kama Selcom, AzamPay, ClickPesa, Pesapal au DPO. Sababu inaeleweka: mteja mmoja ana M-Pesa, wa pili Airtel Money, wa tatu Mixx by Yas, ile iliyokuwa Tigo Pesa, na wa nne HaloPesa. Mwenye duka dogo hana nguvu ya kuingia mkataba na kila mtandao.

Sehemu nyeti ni sekunde chache baada ya namba ya siri. Mtandao wa simu ukishakata pesa, taarifa hutumwa kwenye seva ya duka kwamba oda fulani imelipwa. Ikifika, kikapu kinaandika kuwa oda imelipwa, kinapunguza idadi ya bidhaa stoo na kumtumia mteja ujumbe wa shukrani. Seva ikiwa imezidiwa au imezimika dakika hiyo, taarifa inapotea njiani. Mteja amekatwa pesa na duka linasema hajalipa. Atajaribu tena, atakatwa mara ya pili, na asubuhi utakuta simu yako imejaa maneno makali ambayo ana haki ya kuyasema. Kwa hiyo unapolinganisha viunganishi vya malipo, yaani programu ndogo zinazounganisha kikapu na kampuni ya malipo, uliza kwa msisitizo: taarifa isipofika, kiunganishi hiki kinaweza kwenda chenyewe kuuliza hali ya muamala? Uliza pia kama kinaandika kumbukumbu ya kila jaribio la kulipa, ili fundi aweze kusoma kilichotokea saa nne usiku. Kiunganishi kisichofanya mambo hayo mawili kikatae, hata kikiwa cha bure.

Kuna pia suala la muda, ambalo sijasikia likizungumzwa inavyostahili. Kuweka bidhaa kikapuni hakumaanishi kwamba imetengwa. Katika programu ya kikapu ya WooCommerce, kwa mfano, bidhaa hushikiliwa mteja anapoweka oda akiwa hajalipa, na muda uliowekwa na watengenezaji ni dakika 60. Zikipita bila malipo, oda inafutwa na bidhaa inarudi dukani. Kwa mwenye kadi mkononi, saa nzima ni nyingi mno. Kwa mteja anayetakiwa kwanza aende kwa wakala akaweke pesa kwenye simu, tena labda arudi nyumbani kutoka kazini ndipo apite kwa wakala huyo, inaweza kuwa ndogo. Ukiuza sabuni za kutengeneza mwenyewe, zenye mamia ya vipande, dakika hizo hazina uzito. Ukiuza mitumba ya daraja la kwanza, ambako kila gauni liko moja tu, namba hiyo ndiyo inayoamua kama gauni litauzwa mara mbili au mteja aliyekwenda kwa wakala atarudi na kukuta limeondoka. Fundi asiyeijua biashara yako ataiacha kama alivyoikuta. Anayejua wateja wako huchukua muda gani kulipa ni wewe, na namba hiyo inabadilishwa kwenye ukurasa wa mipangilio bila kuandika msimbo wowote.

Kwa biashara ndogo mjadala wa kuchagua programu mara nyingi huishia kwenye majina mawili, Shopify na WooCommerce. Shopify ni huduma ya kulipia kila mwezi. Seva, ulinzi na masasisho vyote viko juu yao, na duka linaweza kuwa hewani ndani ya siku moja. WooCommerce ni programu huria inayokaa juu ya WordPress. Ilitolewa mwaka 2011 na WooThemes, kampuni yenye mizizi Cape Town, Afrika Kusini, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Automattic ya Marekani. Kuipakua ni bure. Seva unakodi, masasisho unayasimamia, na likiharibika jambo usiku wa Ijumaa, ni lako.

Tufanye hesabu, maana neno "bure" limewaponza wengi. Mwaka 2023 Shopify ilipandisha bei ya mpango wake wa msingi nchini Marekani kutoka dola 29 hadi 39 kwa anayelipa mwezi kwa mwezi. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,600, hizo ni shilingi 101,400. Tena huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haijawafikia wafanyabiashara wa Tanzania wala Kenya, na anayetumia kampuni nyingine ya malipo katika mpango huo hutozwa asilimia 2 ya mauzo yanayopita huko. Duka linalouza shilingi milioni 6 kwa mwezi kwa njia hiyo litatoa 120,000 nyingine. Jumla ni 221,400, na kampuni ya malipo bado haijakata makato yake. Upande wa pili, tuseme seva nzuri ya kukodi ni shilingi 30,000 kwa mwezi na fundi wa kuliangalia duka unamlipa 100,000. Ni 130,000. Sasa yashushe mauzo hadi milioni moja. Shopify inakuwa 121,400, na WooCommerce ndiyo inayokuwa ghali. Kwa namba hizi za mfano mpaka uko kwenye mauzo ya shilingi 1,430,000 kwa mwezi. Chini yake Shopify ina nafuu, juu yake WooCommerce. Weka namba zako mwenyewe, na kumbuka kwamba pesa taslimu anayotoa mteja akipokea mzigo haiingii kwenye ile asilimia 2. Muuzaji ambaye wateja wake wengi hulipa mzigo ukifika mlangoni ana hesabu tofauti kabisa na jirani yake anayelipwa kwa simu.

Wanaosema WooCommerce ni rahisi kwa kawaida wameiondoa ile laki moja ya fundi. Ni kosa kubwa kuliko yote niliyoyataja. Julai 2021 tundu la hatari liligunduliwa ndani ya WooCommerce, na watengenezaji wake wakalazimika kusukuma rekebisho la dharura kwenye maduka yaliyokuwa hewani. Mwaka mmoja kabla, Juni 2020, toleo la kwanza la Magento lilifikia mwisho wa kuhudumiwa, lakini maelfu ya maduka yaliendelea kulitumia kana kwamba hakuna kilichotokea. Septemba mwaka huo, ndani ya wikendi moja, takriban maduka 2,000 ya aina hiyo yalipandikizwa msimbo wa kuiba namba za kadi za wateja. Wakubwa nao hawapo salama: mwaka 2018 British Airways iliibiwa taarifa za kadi kupitia mistari michache ya msimbo iliyoingizwa kwenye ukurasa wake wa malipo, na mwaka 2020 mamlaka ya Uingereza ikaitoza faini ya pauni milioni 20. Duka dogo la Arusha haliwezi kushinda vita ambavyo shirika la ndege lilishindwa. Linachoweza ni kutokuingia vitani: namba ya kadi isiandikwe kwenye tovuti yako hata mara moja. Mteja wa kadi apelekwe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, alipe huko, arudishwe kwako akiwa na jibu tu. Fundi akikwambia ni vizuri zaidi kadi ziingizwe kwenye ukurasa wako ili wateja "wasiondoke dukani", mkatalie.

Programu nyingine nazitaja kwa ufupi. OpenCart na PrestaShop ni nzuri na zinajitegemea, na kama una fundi anayezijua kwa miaka, na kampuni yako ya malipo ina kiunganishi chake tayari, zitumie bila wasiwasi. Magento, ambayo Adobe iliinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 1.68, ni ya kampuni zenye idara nzima ya mafundi. Kisha lipo pendekezo ambalo vijana wengi wenye vipaji hulitoa kwa nia njema kabisa: nitakuandikia kikapu chako mwenyewe kuanzia mwanzo, kisichofanana na cha mtu. Nawaheshimu vijana hao, lakini nawasihi wafanyabiashara wasikubali. Kikapu kilichoandikwa na mtu mmoja husomwa na mtu mmoja. Siku atakapopata ajira Kigali au Dubai, duka lako litakuwa limeandikwa kwa mkono ambao hakuna mwingine anayeusoma.

Baada ya malipo linafuata suala la kufikisha mzigo. Taasisi ya Baymard ya Denmark, inayochunguza tabia za wanunuzi wa mtandaoni, inakadiria kwamba takriban vikapu 70 kati ya 100 huachwa bila kulipiwa. Ukiwaondoa waliokuwa wanatazama tu, sababu inayotajwa zaidi ni gharama za nyongeza: mteja ameshaamua kununua, anafika ukurasa wa mwisho, anakuta nauli ya mzigo na kodi zimeongezwa juu. Nchini kwetu hali hiyo ni kali zaidi, kwa kuwa nauli huweza kukaribia bei ya bidhaa. Kopo la mafuta ya nazi la shilingi 8,000 likitoka Kariakoo kwenda Chanika kwa bodaboda, mteja anastahili kujua nauli kabla hajaandika jina lake.

Vikapu vya kigeni huhesabu nauli kwa uzito au kwa postikodi. Tanzania ina postikodi, na tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao, lakini mwombe mteja wa kawaida postikodi yake uone kama atakujibu. Anachokijua ni mtaa, kituo cha daladala kilicho karibu, na kwamba nyumba ni ya tatu baada ya msikiti. Kwa hiyo fomu ya kikapu ifanyiwe marekebisho. Kisanduku cha postikodi kiondolewe au kisiwe cha lazima. Namba ya simu iwe ya lazima kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa dereva wa bodaboda ataitumia hiyo. Kiwepo kisanduku cha alama ya karibu, na wilaya au kata zichaguliwe kwenye orodha, kila moja ikiwa na nauli yake uliyokubaliana na madereva wako. Kwa wateja wa mikoani iwepo njia iliyoandikwa waziwazi "kuchukua stendi", kwani ndivyo mizigo inavyosafiri: unaupeleka Mbezi, kituo cha Magufuli, mzigo unapanda basi, na mteja anaupokea Singida au Iringa kwa kutaja jina na namba ya simu. WooCommerce na Shopify zote zinakuruhusu kupanga nauli kwa kanda. Ukienda kina cha wilaya na kata utahitaji programu jalizi, na bei yake uiulize kabla hujachagua, isije ikajitokeza duka likiwa limeshajengwa.

Bei nayo ina mpangilio wake. Mmarekani amezoea kuona bei bila kodi, kisha kodi ikaongezwa kwenye malipo. Mteja wetu akiona shilingi 25,000 anatarajia kutoa shilingi 25,000. Kama umesajiliwa kwa VAT, ambayo Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 na Kenya asilimia 16, iambie programu kwamba bei ulizoandika tayari zina kodi ndani. Ondoa na desimali, kwani hakuna anayelipa senti. Na fahamu kwamba karatasi ya mauzo inayotolewa na kikapu si risiti ya TRA. Risiti ya EFD bado unatakiwa kuitoa, kwa mashine au kwa mfumo wake wa kidijitali, kama Mkenya anavyodaiwa ankara ya eTIMS. Muulize fundi mapema kama mifumo hiyo miwili itaunganishwa au kuna mtu atakayekaa na mashine kila jioni kuzipitia oda za siku.

Kwa kuwa kikapu ni kumbukumbu, sheria nayo inauliza unakumbuka nini kuhusu watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 2023, na Kenya ilikuwa na yake tangu 2019. Jina, namba ya simu na mtaa anakoishi mteja ni taarifa binafsi, na duka linalozikusanya lina wajibu kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukiwemo usajili. Zaidi ya sheria ni suala la utu. Mwanamke aliyekupa namba yake ili aletewe viatu hakukupa ruhusa ya kumtumia matangazo kila Jumapili, wala ya kumpa binamu yako orodha hiyo kwa ajili ya biashara yake. Chagua programu inayokuwezesha kufuta taarifa za mteja akiomba, kisha kusanya chache iwezekanavyo. Kumlazimisha mtu afungue akaunti na kubuni neno la siri ili anunue khanga moja ni kumfukuza. Ruhusu ununuzi wa mgeni.

Lipo swali gumu zaidi ambalo fundi hana sababu ya kukuuliza: je, unahitaji kikapu? Tangu Desemba 2020 WhatsApp ina kikapu chake ndani ya katalogi ya akaunti za biashara. Mteja anachagua vitu kadhaa, anavituma kama ujumbe mmoja, mnaelewana nauli, analipa kwa lipa namba. Kwa mwenye bidhaa 15 na oda chache za siku, hasa bidhaa zinazohitaji mazungumzo kama keki za harusi au nguo za kushonwa kwa vipimo, hiyo inatosha, na pesa ya tovuti ni bora iende kwenye mtaji. Kikapu kamili kinalipa pale bidhaa zinapokuwa nyingi, bei zinapokuwa hazibadiliki kila siku, na mteja anapokuwa na uwezo wa kuamua peke yake saa sita usiku bila kukuuliza kitu. Ukiwa na bidhaa 400 za vipodozi na bado unajibu bei kwa kila mtu kivyake, umechelewa.

Umechagua, fundi amejenga, duka linapendeza. Usimalizie malipo yake bado. Kwanza jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz au .co.ke, liwe limesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi. Akaunti ya seva vivyo hivyo, na akaunti ya kampuni ya malipo hilo halina mjadala. Nimeona biashara zenye wateja waaminifu zikianza upya kwa jina jingine kwa sababu tu jina la kwanza lilibaki mikononi mwa mtu waliyegombana naye.

Kisha nunua kitu dukani kwako. Tumia simu ya bei ya chini, kwa bando, ukiwa mahali ambapo mtandao ni dhaifu, maana ndivyo wateja wako wengi watakavyoingia. Ukurasa wa bidhaa ukichukua muda wa mtu kukata tamaa, picha zipunguzwe uzito. Weka namba ya siri isiyo sahihi uone duka linasema nini, na linasema kwa Kiswahili au kwa maneno ya kompyuta. Lipa sawasawa, halafu zima data kabla ukurasa haujarudi, uone kama oda itaandikwa imelipwa. Mwombe mtu wa Morogoro anunue na kuchagua kuchukua stendi. Weka oda mbili za bidhaa iliyobaki moja, kwa simu mbili, kwa wakati mmoja. Ghairi oda iliyolipwa na ufuate njia yote hadi pesa irudi kwenye simu ya mteja, kwa sababu siku moja utalazimika kufanya hivyo mbele ya mtu aliyekasirika.

Mwisho, mwambie fundi atoe bidhaa zote, wateja wote na oda zote kwenye faili unazoweza kuzifungua kwenye kompyuta yako, bila yeye kuwepo. Shopify inaweza, WooCommerce inaweza, na programu yoyote isiyoweza usiikubali. Zifungue mwenyewe. Ukikuta majina, namba za simu, tarehe na kiasi cha kila oda vimekaa mahali pake, mlipe fundi salio lake.